Viroboto wa Chumba Kizuri

Nyumba iliyo juu ya kanisa,
Frasinel, Maramures.
19 Agosti 2018.

Mpendwa mdogo wangu Varvara,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kabla ya habari yoyote naomba unijibu kuhusu mgongo wako. Bado unamwinua yule bibi wa Kiitaliano peke yako kila asubuhi? Mwanawe mwenye gari la kung'aa hana mikono? Mweleze kwamba wewe ni mtu, si winchi. Na bibi mwenyewe anaendeleaje, chakula kinapita? Msalimie, ingawa hanijui. Mpe pole ya joto, maana nasikia huko mwaka huu jua limewaka mpaka mbwa wanaoga kwenye chemchemi za mjini.

Sisi huku hatujambo. Mama goti lake humsumbua mvua inapokaribia, na tangu Juni mvua haijaacha kukaribia, kwa hiyo unaweza kukisia tunavyozisikia habari za goti. Nyasi tulizikata na kuzikausha kwa kubahatisha, kati ya wingu na wingu. Miplamu imezaa hadi tumeyawekea matawi nguzo. Voichita amekua, na lile gauni ulilomtumia Pasaka sasa limekuwa blauzi. Anakula, anacheka, na jana alinijibu ufidhuli mezani. Nilifurahi sana. Ukisoma utaelewa kwa nini.

Najua una hasira nami. Mara ya mwisho ulipopiga simu uliuliza kwa nini mtoto haji kuongea na kwa nini humsikii Ursu akibweka, nami nikakujibu kwamba mtoto anaoga na mbwa kalala. Hukuamini, nilikisikia kimya chako. Lakini Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akinifinya kiwiko, yeye ambaye simu yako haishiki lakini kila neno analitaka. Tena dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya ua jirani yetu Paraschiva alikuwa anamwagilia maua ambayo mvua ilikuwa imeshayamwagilia. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua haisikiki ng'ambo ya ua.

Ukweli ni huu. Ursu hakuwa amelala. Hakuwapo nyumbani kabisa. Mama alikuwa amemtoa, amempeleka mlimani kwa kaka yetu Gavrila kwenye zizi la kondoo, akasema harudi tena hapa. Na mwanao alikuwa ameapa kwamba hatamsemesha bibi yake mpaka mbwa arudi. Yote hayo kwa sababu ya viroboto.

Ndiyo, viroboto. Nyumbani kwa Todosia mama yetu, mwanamke ambaye hupiga deki hadi ngazi za nje. Kaa chini kwanza, kisha uendelee kusoma.

Walianza mwezi wa Juni. Voichita aliamka na vipele kwenye vifundo vya miguu, nikasema ni mbu. Baadaye nikavipata mimi, nikasema ni joto. Siku moja navua soksi nikaona kidoa cheusi mguuni, nikakigusa kwa kidole, kikatoweka mbele ya macho yangu. Hapo nikajua tumepatikana. Mama naye alikuwa anaumwa sawasawa na sisi, ila hakubali. Alikuwa anajikuna kwa sindano ya kufumia, anaipitisha ndani ya soksi huku anatazama dari kama mtu anayesali.

Alipokubali, alikubali kwa namna yake: alimtafuta mshtakiwa na kumhukumu siku hiyo hiyo. Ni Ursu. Nani mwingine? Mbwa mkubwa kama ndama, manyoya kama sufu isiyochanwa, halafu analala chini ya kitanda cha mtoto. Unakumbuka ulivyomleta ndani ya koti lako wiki ile uliyoondoka, ukasema Voichita awe na wa kukumbatia. Basi amemkumbatia tangu siku hiyo. Mtoto huyu hapati usingizi asipoutia mkono kwenye manyoya yale. Mwenzangu, mimi namlea vizuri, lakini mimi si wewe, na mbwa yule alikuwa anaijaza nafasi ambayo mimi siwezi kuijaza.

Tulijaribu dawa zetu za nyumbani. Tulitandaza majani ya mjozi chini ya vitanda, na pakanga juu ya majani ya mjozi, mpaka nyumba ikawa chungu, hata ugali ulikuwa na ladha ya pakanga. Viroboto wakahamia juu ya pakanga. Tukaweka sahani ya maji ya sabuni sakafuni na mshumaa katikati, wakaruka kuufuata mwanga, wakazama wengi, tukashangilia. Kesho yake walikuwa kama hawajapungua hata mmoja. Mama akashusha chupa ya mafuta ya taa, anataka kumwogesha nayo Ursu.

Nilisimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Ukimpaka hayo, Mama, utanipaka na mimi."

"Bibi yako alikuwa anawapaka ng'ombe, na hawakufa."

"Ng'ombe hawajilambi mwili mzima. Huyu atajilamba, atakufa, na mtoto atatuangalia mimi na wewe maisha yake yote."

Akairudisha chupa rafuni, lakini alinuna mpaka Ijumaa.

Nikamchukua Ursu, na paka wetu Mitza ndani ya kikapu cha mayai, nikaomba lifti mpaka mjini kwa daktari wa mifugo. Paraschiva aliniuliza naenda wapi na mifugo yote hiyo, nikamwambia chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari ni msichana wa juzi, anaitwa Crina, ana kipini puani na mikono yenye nguvu. Alimchana Ursu kwa kitana chenye meno ya karibu, akakung'uta vumbi jeusi juu ya kitambaa cheupe chenye maji. Lile vumbi likaanza kutoa wekundu. Akaniambia kile ni kinyesi cha kiroboto, na ule wekundu ni damu ya mbwa. Nikajifuta mikono kwenye sketi.

Alimtia Ursu dawa ya matone nyuma ya shingo, na Mitza akamtia yake tofauti. Nilipouliza kama haiwezekani kugawana ili tubane matumizi, alinitolea macho: dawa za mbwa nyingine humuua paka. Weka hilo akilini, huenda siku moja ukahitaji. Halafu akasema jambo ambalo sikulipenda. Wale tunaowaona juu ya mnyama ni wachache tu. Wengi wamo ndani ya nyumba, mayai na watoto wao na wengine wamejifungia kwenye vifuko, ndani ya nyufa za mbao na ndani ya sufu, wanangoja. Mtu akipita, sakafu ikitikisika, wanatoka na njaa yao. Kwa hiyo fua kwa maji ya moto, fyonza sakafu kwa mashine, mwaga vumbi nje, kisha urudie, na urudie tena. Vyumba vyote. Alilisema hilo mara mbili.

Niliazima mashine ya kufyonza vumbi kwa mke wa kasisi. Nilimwambia ni usafi wa sikukuu ya Bikira Maria, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Tulifua kila kitu, tulisogeza vitanda, tulisugua mbao kwa maji ya moto mpaka Voichita akasema sakafu yetu sasa inafaa kuliwa. Nikafika mlango wa chumba kizuri. Mama akasimama mbele yake na ufunguo kiunoni.

"Huku usiingize hilo dudu linalonguruma."

"Daktari kasema vyumba vyote."

"Daktari ana umri gani? Huku hapaingii mnyama. Huku hatuingii hata sisi!"

Nami nikageuza mashine, nikaenda zangu. Wala usinicheke, wewe ungefanya vilevile. Tumekulia ndani ya nyumba hii tukijua kwamba chumba kizuri ni cha kasisi, cha wageni wa sikukuu, na cha Baba siku ile alipolala humo na mishumaa kichwani. Mito imepangwa mpaka darini, mablanketi ya sufu yamekunjwa juu ya kitanda ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu mwenye afya. Upande wa dirishani ni fungu lako la harusi, yale yenye mistari myekundu na myeusi, aliyoyafuma Mama majira ya baridi ukiwa shule, na hayajaguswa tangu ulipoandikisha ndoa mjini bila kasisi na bila mpiga fidla. Mumeo alishaondoka, na Mama bado anayapangusa. Kiroboto ndani ya chumba hicho? Nisingeamini hata ningemwona amevaa kofia.

Basi wakapungua, kisha wakarudi. Kila mwanzo wa wiki wanarudi kwa nguvu mpya. Na sikukuu ya kanisa letu inakaribia, na wageni watakuja, na Mama anawaona tayari kwa macho ya akili wamekaa kwenye chumba kizuri wakijikuna, halafu habari inashuka bonde zima. Akamwita Gavrila.

Kaka yetu alikuja na mkokoteni wa farasi, akapewa glasi ya horinca, ile kali ya plamu, akaikata kwa funda moja bila kumtazama mtu. Voichita alikuwa amemshika Ursu shingoni. Nilimwambia Gavrila, "Wewe ni mwanamume mzima, sema neno." Akasema, "Mama kasema," akaenda kumtengenezea farasi hatamu ambazo hazikuwa na kasoro. Mbwa mwenyewe alipanda mkokoteni kwa hiari, maskini, akidhani tunaenda matembezi wote. Voichita hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alimgeukia Mama akasema, "Sitakusemesha, Bibi," akaingia ndani.

Na kweli hakumsemesha. Si asubuhi njema, si nipe chumvi. Mama akajifanya hajali, lakini kila asubuhi asali ya mtoto iliongezeka kwenye kibakuli, na kila asubuhi ilirudi jikoni ilivyo. Mimi nikawa mkalimani ndani ya nyumba ambamo wote tunasema lugha moja. Ndipo ulipopiga simu.

Sasa sikiliza. Ursu yuko mlimani na kondoo, na sisi bado tunaliwa. Chakula cha jioni siku moja, Voichita akapandisha mguu juu ya meza, kando ya jibini, akateremsha soksi.

"Mama mkubwa, muulize Bibi hivi vipya vimetoka wapi. Ursu ana mkono mrefu hivyo?"

"Mwambie huyo mtoto atoe mguu mezani," Mama akasema.

"Mwambie Bibi nitautoa akinijibu."

Mama alilikwepa swali. Alisema kunguni wa jirani, alisema hali ya hewa, mwishoni akasema yule mbwa aliacha mbegu. Nilimtazama, Varvara, nikaona anaogopa. Sijawahi kumwona Mama akiogopa kitu chenye miguu.

Jumapili ya kabla ya sikukuu ndipo mambo yalipopasuka. Unajua anavyofanya: anaingia chumba kizuri peke yake, anafunga mlango, anavaa nguo za kanisani zinazokaa humo, anatoka akiwa malkia. Alitoka na aproni zake za mistari, blauzi imenyooka, na soksi zake nyeupe za sufu. Nikainama nimfunge kamba za viatu, kwa sababu ya goti. Nikaona juu ya weupe ule vidoa vyeusi. Kimoja kikaruka juu ya kingine.

"Mama, una nini mguuni?"

"Makaa."

"Makaa hayaruki, Mama."

Akatazama chini. Tukatazama sote wawili. Walikuwa wanatembea juu ya soksi kama wanaokwenda kanisani pamoja naye. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja: kila Jumapili anaingia humo kuvaa, kila Jumapili anatutolea kundi jipya ndani ya sufu na marinda yake, na sisi Jumatatu tunajikuna na kumlaani mbwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na uso wa Mama ulinizuia yote mawili.

Voichita alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona.

"Mama mkubwa," akasema taratibu kabisa, "muulize Bibi kama Ursu aliwahi kuvaa soksi za kanisani."

Mungu anisamehe, ilibidi niume shavu. Mama akakaa kwenye benchi. Akavua soksi moja, akavua ya pili, akaufungua ufunguo kiunoni na kuuweka mezani bila kumtazama yeyote.

Tuliingia mimi na mtoto, miguu mitupu ili tuwaone. Nyuma ya mito kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika. Bila shaka ni ile mvua ya mawe ya Aprili, na mito ilikificha. Kati ya ukuta na mablanketi kulikuwa na shimo lenye joto, limejaa manyoya ya paka. Unakumbuka nilikuandikia kwamba Mitza alikuwa amejificha kuzaa, na siku moja tukamwona anawabeba watoto kuelekea ghalani? Hakuna aliyejiuliza alikuwa anawatoa wapi. Alizalia juu ya mablanketi yako ya harusi, mdogo wangu. Nilipoinua lile la kwanza mikono yangu ikawa myeusi kwa viroboto mpaka kwenye viwiko.

Mama alikuja akasimama kizingitini. Alisema tu, "Hayo ni ya Varvara." Sauti yake ilinichoma. Miaka yote hii nilidhani anayatunza kwa hasira, ili siku moja akuonyeshe ulichokosa. Kumbe alikuwa anakusubiri.

Tatizo likawa kuyafua. Sufu ile ukiichemsha inasinyaa, inakuwa kofia. Hakuna njia ila pipa la mto, pale kinuni kwa Toader, maji yanapoporomoka ndani ya pipa la mbao na kuzungusha blanketi mpaka lisahau jina lake. Na wiki ya sikukuu wanawake wa kijiji kizima wako pale, kila mmoja na mablanketi yake, macho yao yakiwa juu ya mablanketi ya wenzao. Nikamwambia Mama tufunge mlango, tungoje sikukuu ipite, kisha tushuke kimyakimya. Wageni tutawakalisha bustanini, tutasingizia hewa nzuri.

"Na mbwa?" Mama akauliza.

"Mbwa naye atangoja."

Alimtazama Voichita, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Kisha akasema, "Lete mkokoteni."

Tuliyafunga ndani ya shuka zilizolowa maji ya sabuni ili asiruke hata mmoja njiani. Mama alitembea mbele na fimbo yake. Pale kinuni walikuwapo wote, na bila shaka Paraschiva, ameketi kwenye jiwe na sketi juu ya magoti.

"Todosia! Leo umeamua kututembezea mali?"

Mama akaikita fimbo yake chini. Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, kuhusu nondo.

"Nimeleta viroboto, Paraschiva," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Wametoka chumba changu kizuri. Wamekula nyumba yangu tangu Juni, nami nikamfukuza mbwa wa mjukuu wangu bure. Sasa cheka, halafu unishikie upande huu, ni mzito."

Halafu Paraschiva akateremka kwenye jiwe, akaja, akashika upande aliopewa. Akasema chini chini, "Na mimi ninao." Akapandisha sketi kidogo, miguu yake ilikuwa imejaa vipele kama yetu. "Tangu Mei. Nilidhani ni kwangu peke yangu."

"Kumbe ndiyo maana unamwagilia maua kwenye mvua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasikiliza kama na nyinyi mnajikuna!"

Wanawake walicheka mpaka Toader akatoka kinuni kutazama nani kaanguka majini. Mke wa mtengeneza mapipa naye akakiri, akasema ameficha pakanga chini ya magodoro na kumwambia mumewe ni ya kuleta usingizi. Nilichoka siku ile, lakini sijapata kufua kwa furaha namna ile.

Chumba tulikitoa kila kitu. Mashine ya mke wa kasisi ilinguruma humo mpaka ikapata joto, tukasugua mbao, tukatia dawa aliyotupa Crina ndani ya nyufa, paka tukamfungia mbali mpaka ikauke. Fundi akaja kuweka kioo. Crina alituonya kwamba waliojifungia kwenye vifuko wataendelea kutoka kidogo kidogo, tusikate tamaa, tufyonze tu na kurudia, na wanyama wote wapate matone yao kwa wakati mmoja. Tunafanya hivyo, na Paraschiva naye sasa anafanya hivyo, tunapokezana mashine juu ya ua. Wiki hii nimeumwa mara moja tu, na nimemkamata aliyeniuma.

Asubuhi ya sikukuu niliamka nikakuta kitanda cha Mama kimetandikwa na fimbo haipo. Nikasema ametangulia kanisani. Kanisani hakuwapo. Misa ikaanza, nafasi yake kushoto iko tupu, watu wananigeukia. Mama hajawahi kukosa misa ya Bikira Maria, hata mwaka uliozaliwa wewe. Nilianza kufikiria mambo mabaya, goti, ngazi, mto. Voichita akanishika mkono, wa kwake ulikuwa baridi.

Tulipotoka nje na msalaba mbele, watu wote wamevaa na kung'aa, tukasikia mkokoteni unashuka njia ya mlimani. Ni Gavrila. Kando yake amekaa Mama, amevaa nguo za kazini na mabuti ya mpira yenye tope, kitambaa cha kichwa kimeegemea sikio. Alikuwa amepanda mlimani alfajiri na gari la mchukua jibini. Kati yao wawili, ulimi nje, amekaa Ursu.

Kasisi alisimama. Msafara mzima ukasimama nyuma yake. Voichita aliuachia mkono wangu akakimbia, na Ursu akaruka kabla farasi hajasimama, wakaanguka wote wawili kwenye majani, gauni la sikukuu na yote. Sitakuelezea sauti alizotoa yule mbwa. Wanaume walikuwa wanapenga kamasi.

Mama akasema kutoka juu ya mkokoteni, mbele za watu: "Nimemwomba radhi. Amenisamehe palepale, kanilamba mpaka masikioni. Sasa imebaki wewe. Ila wewe usinilambe."

Voichita akainuka, nywele zimejaa majani. Alimsogelea bibi yake. Kisha akamwambia neno la kwanza tangu siku ile.

"Bibi, goti linauma?"

"Linauma sana."

"Basi shuka taratibu. Shika bega langu."

Kwa hiyo, mpendwa wangu, usiache kazi na usikimbilie basi. Mtoto yuko salama, mbwa yuko chini ya kitanda, asali inaliwa. Gavrila anakusalimu sana na anaona haya bado. Paraschiva anakusalimu, na ameniuliza kama nimekuandikia kila kitu. Nimemwambia nimekuandikia hali ya hewa. Voichita anakubusu mara nyingi, atakuongelesha Jumapili, na Ursu atabweka mwenyewe. Mfikishie salamu binamu yetu Saveta ukimwona sokoni, na umwambie mama yake amepona kikohozi. Mungu akulinde huko ugenini, aupe nguvu mgongo wako, na akurudishie kwa wema kila bakuli la supu unalomlisha yule bibi.

Nilitaka kufunga hapa, lakini Mama ameniona na kalamu, amekaa mbele yangu. Mablanketi yamekauka, yalikaa juani juu ya ua mpaka yakanukia. Nilidhani atayakunja na kuyapanga tena mpaka darini. Hakuyapanga. Moja amemtandikia Voichita. Mlango wa chumba kizuri uko wazi tangu juzi, na madirisha pia. Ameniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisitie wala kutoa, kwa hiyo haya ni ya kwake:

"Mwandikie Varvara kwamba vitu vyake nilikuwa namwekea mpaka aolewe inavyotakiwa. Mwandikie sasa ni vya kulalia tu. Nimemtandikia kitanda kwenye chumba kizuri. Aje hivyo hivyo alivyo."

Dada yako anayekupenda na kukungoja,

Nastasia